Shangazi, nimeambiwa mitokondria zangu zimechoka

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, nina miaka 41 na watoto wanne. Nyumba yetu iko juu mlimani, kule kwenye mawe, na miaka yote nimepanda ile njia na ndoo ya maji kichwani bila shida. Tangu mwaka jana mambo yamebadilika. Nikifika nusu ya njia lazima nikae kwenye jiwe nivute pumzi, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Mchana nasinzia juu ya cherehani. Malaria nimepima sijui mara ngapi, hakuna. Sukari na presha wanasema viko sawa.

Rafiki yangu mmoja, ambaye tuko naye kikoba, ni wakala wa kampuni ya virutubisho. Akanipeleka ofisini kwao nikapimwe mwili mzima. Wanakuuliza jina, umri na uzito, wanaingiza kwenye laptop, halafu unashika kijiti cha chuma chenye waya. Dakika moja tu, karatasi zikaanza kutoka, nyingi kama za kesi. Mtaalamu wao akaniambia mitokondria zangu zinafanya kazi kwa asilimia 38. Alieleza vizuri kwa picha: mitokondria ni betri za seli, zangu zimekwisha, inabidi zichajiwe. Akaniandikia makopo matatu, jumla shilingi 285,000. Nikakopa kikoba nikalipa. Kwenye kopo imeandikwa koenzaimu Q10, vitamini B, mwani wa kijani na ATP miligramu 100.

Nimemaliza kopo moja. Siku za mwanzo niliona kama nimechangamka, baadaye nikarudi palepale. Rafiki yangu anasema nisikate tamaa, dozi ni ya miezi sita, na kama nikijiunga chini yake nitapata kwa bei ya punguzo. Mume wangu amekasirika, anasema nimeibiwa mchana kweupe. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha nne, yeye anasema mitokondria zipo na amezisoma shuleni. Sasa nimsikilize nani?

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusiana. Nimeanza kutamani udongo, ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito, na mimba sina, nimepima. Mchele mbichi nao nautafuna mpaka wateja wananishangaa. Na siku zangu zimekuwa ndefu, zinafika siku nane, tena na mabonge.

Nisaidie Shangazi. Nimalizie makopo yaliyobaki au niache?

Fundi Aliyechoka, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu.

Umeliweka mkiani jambo ambalo mimi ningeanza nalo. Kabla ya kustaafu nilikuwa maabara ya hospitali, na mama wa miaka 41 akiniambia anatafuna udongo na mchele mbichi, anatweta mlimani, na hedhi yake ni siku nane zenye mabonge, siulizi habari za mitokondria. Natafuta mshipa. Nenda zahanati au kituo cha afya wiki hii, uwaambie hivi hivi ulivyoniandikia, na uombe kupimwa wingi wa damu. Naona kipimo hicho ndicho hujakitaja popote. Mimi si daktari na barua si kipimo, lakini nadhani damu yako imepungua, na imepungua kwa kukosa madini ya chuma. Na kama moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa, au unaona giza ukisimama, au kifua kinauma, usingoje wiki, nenda leo.

Sasa tuje kwenye mitokondria, kwa sababu umedanganywa kwa kutumia maneno ya kweli, na uongo wa namna hiyo ni mgumu kuushika.

Mpwa wako hajakosea. Mitokondria zipo, ndani ya karibu kila seli ya mwili wako, ndogo kiasi kwamba ukizipanga elfu moja ubavu kwa ubavu zinaenea ndani ya milimita moja. Seli inayofanya kazi nyingi inazo nyingi; katika seli za moyo zinachukua kama theluthi ya nafasi yote. Kazi yake kubwa ni kutengeneza ATP, kemikali ambayo seli inaitumia kukaza msuli, kusukuma chumvi nje na ndani, kujenga protini, karibu kila kitu.

Ukila ugali, wanga wake unavunjwa tumboni mpaka unakuwa glukosi, unapita kwenye damu na kuingia kwenye seli. Hatua ya kwanza inafanyika nje ya mitokondria, kwenye ute wa seli: glukosi moja inakatwa vipande viwili na seli inapata faida ya ATP 2 tu. Hapo oksijeni haijahitajika. Vile vipande viwili ndivyo vinavyoingia ndani ya mitokondria, vikapitishwa kwenye mzunguko wa mabadiliko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza. Kaboni yake inatoka kama kabonidayoksaidi, ile hewa unayoitoa kwa kutweta ukiwa umekaa kwenye jiwe. Kinachobaki cha thamani ni elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi.

Elektroni hizo zinapokezwa kutoka protini moja hadi nyingine kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Katika kupokezana huko inatoka nguvu, na nguvu hiyo inasukuma protoni, chembe zenye chaji chanya, kwenda upande wa pili wa utando. Zikisharundikana huko zinataka kurudi, na njia yao ya kurudi ni kupitia kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia, ambacho, amini usiamini, kinazunguka. Kinazunguka kweli, zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kila mzunguko mmoja unatoa ATP 3. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walikifunga kimeng'enya cha aina hiyo uzi wa protini unaong'aa, wakautazama uzi ukizunguka chini ya hadubini. Mimi niliposoma habari hiyo nilisahau chai mezani ikapoa.

Mwisho wa safari ya elektroni ni oksijeni. Inazipokea, inaungana na protoni, yanakuwa maji. Oksijeni isipofika, hakuna wa kuzipokea, basi mapokezano yote yanasimama, protoni hazisukumwi, na kile kimeng'enya hakina cha kukizungusha. Ikifika vizuri, glukosi moja inatoa jumla ya ATP 30 hadi 32. Vitabu vingi vya shule bado vinaandika 36 au 38, kwa hiyo mpwa wako akijaza 38 kwenye mtihani usimgombeze.

Kumbe basi habari ya betri imekaa kombo. Mitokondria haziweki akiba ya kuchaji. Kwa wakati wowote mwili wako mzima hauna hata gramu 250 za ATP, lakini kwa siku moja, hata ukiwa umelala tu, unatengeneza na kuitumia ATP ile ile tena na tena mpaka jumla yake inafika kama kilo 40. Msuli unaofanya kazi kwa nguvu ungemaliza ATP iliyomo ndani yake kwa sekunde chache kama mpya isingetengenezwa hapo hapo.

Chukua hesabu hiyo uilinganishe na kopo lako. Kilo 40 kwa siku ni karibu nusu gramu kila sekunde. Kidonge chako kina miligramu 100. Hata kama yote ingefika salama kwenye seli ingekutosha kwa robo ya sekunde hivi, hata uzi hujaupitisha kwenye sindano. Tena haifiki, kwa sababu ukiimeza inavunjwa njiani na vimeng'enya vya utumbo. Mtu aliyeweka ATP kwenye kidonge anajua kwamba mnunuzi hatapiga hesabu.

Sasa angalia damu inaingia wapi. Oksijeni ya mapafuni inapelekwa kwenye seli na hemoglobini, protini nyekundu ya damu, na kila molekuli ya hemoglobini ina atomu 4 za chuma. Ndizo zinazoshika oksijeni. Damu ikipungua, mitokondria za misuli yako zinaweza kuwa nzima kabisa lakini zinangojea mzigo ambao hauji wa kutosha. Ukiwa umekaa kwenye cherehani kidogo kinachofika kinakaribia kutosha. Ukianza kupanda na ndoo, hakitoshi tena. Moyo unaongeza kasi ili damu hiyo kidogo ipite mara nyingi zaidi, ndiyo unausikia masikioni, na misuli inarudi kutegemea ile njia ya kwanza isiyohitaji oksijeni, inayotoa ATP 2 badala ya 30 na kuacha asidi ya laktiki. Unakaa kwenye jiwe kwa sababu huna namna.

Na chuma hakiishii kwenye damu. Zile protini zinazopokezana elektroni ndani ya mitokondria nyingi zimeshikilia chuma pia. Bila chuma haziwezi kupokea wala kutoa. Mwaka 1976 Clement Finch na wenzake kule Seattle, Marekani, walichapisha jaribio ninalolipenda sana. Walichukua panya waliokosa chuma, wakawaongezea damu mpaka upungufu wa damu ukaisha. Panya bado hawakuweza kukimbia kama wenzao. Walipopewa chuma, ndani ya siku chache tu mbio zikarudi. Maana yake misuli yenyewe ilikuwa na njaa ya chuma, si damu peke yake. Kwa hiyo yule mtaalamu wa laptop anaweza kuwa amebahatisha: huenda mitokondria zako kweli hazifanyi kazi inavyotakiwa. Ila kwenye orodha ya vilivyomo uliyoniandikia, chuma hakimo.

Ile asilimia 38 itupe. Kijiti cha chuma kikishikwa kiganjani kinaweza kuhisi jasho na joto la ngozi, hakuna njia ya kujua kinachoendelea ndani ya mitokondria. Jinsi zinavyopimwa kwa kweli, mfano upo. Mwaka 1962 Rolf Luft wa Stockholm, Uswidi, alieleza habari za mama aliyekuwa akila sana, akitoka jasho jingi na bado amekonda, wakati tezi yake ya thairoidi haikuwa na tatizo. Walikata kipande cha msuli wake, wakatenganisha mitokondria, wakapima zinavyotumia oksijeni na zinavyotengeneza ATP. Zilikuwa zinaunguza chakula ovyo, nguvu inapotea kama joto. Huo ndio ugonjwa wa mitokondria wa kwanza kuthibitishwa. Leo kuna pia vipimo vya vinasaba. Magonjwa hayo yapo, mengine yanarithiwa kwa mama peke yake, lakini ni adimu, na mara nyingi huja na mengine: kope kulegea, degedege, uziwi, macho kufifia, udhaifu wa tangu utotoni. Wewe ulikuwa unapanda mlima na ndoo hadi mwaka jana.

Ukitaka kuifahamu mashine ile, mpeleke mumeo akapimwe mara mbili, ya pili ataje jina lingine na umri mwingine. Nina hamu ya kuona hizo karatasi. Ila asilipe.

Tuhesabu sasa damu yako inakwenda wapi. Kila mililita ya damu nzuri ina karibu nusu miligramu ya chuma. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 hadi 40 hivi. Ikizidi 80 tunasema ni nyingi, na siku nane zenye mabonge kirahisi zinazidi hapo. Hiyo ni miligramu 40 na zaidi kila mwezi. Kwa chakula, mwili unafyonza miligramu 1 hadi 2 kwa siku, na karibu 1 inapotea hata bila hedhi. Piga mwenyewe. Uliishi kwa akiba, na akiba imekwisha.

Kwa hiyo usikubali kupewa vidonge vya damu ukaondoka bila kuulizwa kwa nini hedhi imebadilika. Kwa umri wako jambo la kwanza la kutazama ni uvimbe kwenye kizazi, ule wa faibroidi, ambao unaonekana kwa altrasaundi. Waeleze unabadilisha pedi mara ngapi kwa siku, wala usione haya. Mlango wa kizazi nao uangaliwe. Na kwa kuwa uko kando ya Ziwa Victoria, omba pia kipimo cha choo na mkojo: kichocho na minyoo ya safura vinanyonya au kumwaga damu taratibu bila wewe kuona. Udongo unaokula nao unaweza kuleta minyoo mingine, halafu unazuia chuma kisifyonzwe, kwa hiyo kadiri unavyoutamani ndivyo unavyojichimbia. Usijilaumu lakini. Hiyo tamaa ni dalili, na mara nyingi inakatika yenyewe chuma kikianza kurudi.

Majibu yakitoka angalia namba. Kwa mwanamke asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ya damu ni upungufu wa damu. Chini ya 8 ni mkali na hapo hospitali ndiyo itakayoamua, usijitibu dukani. Vidonge vya chuma ni vya bei ndogo sana ukilinganisha na hayo makopo, lakini vina masharti. Usivinywe na chai wala maziwa. Chai ya rangi uliyozoea kunywa na chapati inakamata chuma tumboni, isogeze saa moja au mbili mbali na chakula na dawa. Chungwa au ndimu vinasaidia. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Tumbo likisokota sana, mwambie aliyekupa akubadilishie mpango, usiache kimya kimya. Ukipata nafuu usiache pia. Damu ikisharudi kawaida watu huendelea miezi mitatu hivi ili kujaza akiba. Na vidonge hivyo vifungie mbali na watoto, kwa sababu mtoto mdogo akimeza vingi vinaua. Chakula kinasaidia, na huko kwenu dagaa si shida kupatikana, maini ukiweza, maharage, mboga za majani zenye limau, lakini kwa shimo ulilofikia chakula peke yake kitachukua muda mrefu mno.

Kuhusu yale makopo, nisiwe mkali kupita kiasi. Koenzaimu Q10 ni kitu halisi. Ni mojawapo ya vinavyobeba elektroni kwenye ule utando, na madaktari huwapa wachache ambao miili yao haiwezi kuitengeneza. Mwili wako unaitengeneza. Vitamini B nazo zinatumika humo ndani, na ukizikosa utaugua, ila zinapatikana kwenye chakula na kwa bei nyingine kabisa. Ule uchangamfu wa siku za mwanzo sishangai, mtu akipewa matumaini anachangamka. Soma tena lebo uone kama hawajaweka kafeini. Acha kuyanywa. Yale mawili ambayo hayajafunguliwa yarudishe na risiti, ukatae kubadilishiwa bidhaa nyingine. Wakigoma kurudisha pesa, angalau umejua.

Mumeo amesema kweli, ila amesema kwa hasira. Mwonyeshe barua hii, halafu umwombe akusindikize kupima, na kwa sasa ndoo ya maji abebe yeye au wale vijana wako. Ni amri ya Shangazi.

Rafiki yako ndiye kazi ngumu. Simwiti mwizi, wengi wao wamenunua makopo kwa mkopo kabla hawajauza hata moja, na yeye anahitaji mtu wa chini yake ili arudishe chake. Ndiyo maana usijiunge. Ukijiunga itabidi na wewe umtafute mama anayetweta mlimani. Mwambie faragha, si mbele ya kikoba: "Nimekwenda hospitali, tatizo langu ni damu, natumia dawa. Biashara hii siiwezi, tusigombane." Sema hivyo baada ya majibu kutoka, ukiwa na karatasi ya maabara mkononi. Marejesho ya kikoba lipa kama kawaida, deni ni lako hata kama dawa ilikuwa ya uongo, na uombe muda mapema kabla ya kuanza kuchelewesha.

Usisahau kumuuliza kama yeye mwenyewe ameshapima damu.

Shangazi